Kila filamu naipa saba au nane: nitajuaje ninachopenda?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 27, nauza duka la dawa Morogoro. Natazama filamu karibu kila usiku: sizoni za Kikorea na mdogo wangu, za mapigano zilizotafsiriwa tukiwa saluni kwa jirani, na nyingine kwenye simu nikiwa peke yangu. Tangu Januari kila filamu ninayoimaliza naiandika kwenye simu: jina, tarehe, na alama juu ya kumi. Nilitaka niijue ladha yangu, maana kaka anayeniwekea muvi kwenye flashi akiniuliza napenda zipi namjibu "zozote, ilimradi nzuri", naye ananijazia anazopenda yeye. Sasa orodha imefika sitini na kitu, karibu zote zina saba au nane, na sijajua lolote. Nakutumia mistari michache uione. Nakosea wapi?

Nairobi Half Life 8, inasikitisha. Train to Busan 8, nililia. The Raid 8, mapigano! Binti 7, nzuri. Parasite 8, ile nyumba. Vuta N'Kuvute 7, polepole ila picha zake. World War Z 7, sawa tu. Supa Modo 9.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Kazi ngumu umeshaifanya: umeandika miezi mfululizo, na wengi wanaoanza daftari la filamu hawavuki wiki ya tatu. Kinachokukwamisha ni ile safu ya alama. Ifute. Kama roho inakuuma, iache ilivyo lakini usiitazame tena kwa muda, tujaze safu nyingine.

Saba na nane zinakuja kwa sababu tatu, na uvivu wako haumo. Kwanza, filamu hazikufikii ovyoovyo. Zimeshachujwa: kaka wa flashi kachagua zinazosifiwa, mdogo wako kachagua zinazozungumzwa na wenzake, na mbovu kabisa umezizima mapema bila kuziandika, maana mwenyewe umesema unaandika ulizomaliza. Zilizobaki zote zinatazamika, na filamu inayotazamika hupata saba. Pili, unaandika usiku uleule, machozi hayajakauka, kwa hiyo alama inakuwa ya zile dakika kumi za mwisho. Tatu, na hili ndilo kubwa, namba moja umeitwisha maswali mawili. Filamu hii imetengenezwa vizuri? Filamu hii imenichukua? Kuna filamu unaiheshimu na hutairudia maisha yako yote. Kuna nyingine ina matundu kila mahali, sauti inakatika, mwigizaji anasoma maneno badala ya kuyasema, na bado umeitazama mara nne. Zote mbili ukizipa saba, daftari halina tena namna ya kukuonyesha tofauti.

Hata waliolipwa kutoa alama ziliwasumbua. Roger Ebert, aliyehakiki filamu katika gazeti la Chicago Sun-Times tangu 1967 hadi alipofariki 2013, alikuwa akigawa nyota zisizozidi nne, na ilimbidi aeleze kwamba nyota zake ni za kulinganisha: filamu ya aina fulani anaipima na wenzake wa aina hiyo, hailinganishi na kila filamu duniani. Kama mizani ya mtu aliyeifanya kazi hiyo zaidi ya miaka arobaini ilihitaji maelezo, nane zako za usiku wa manane zikisimama peke yake zitasema nini?

Tazama mstari wako wa Binti. Saba, nzuri. Filamu hiyo ya Seko Shamte ya 2021 ina wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na mkasa wake. Yupi ulimfuata hadi ukasahau chai? Yupi ulikuwa unangoja apite zamu yake? Majibu hayo yangenieleza mengi kukuhusu, na kwenye daftari hayapo. Pengine hata kichwani hayapo tena.

Kabla sijakuambia uandike nini, tofautisha madaftari mawili ambayo watu huyachanganya: la kuzijua filamu na la kujijua. La kwanza lina mfano mkubwa. Col Needham, Mwingereza, tangu ujana wake alikuwa akiweka kumbukumbu za filamu alizotazama, nani kaigiza na nani kaongoza. Kumbukumbu hizo, zikiunganishwa na orodha za mashabiki wengine, ndizo zilizozaa IMDb, ile hazina ya habari za filamu mtandaoni, mwaka 1990, na Amazon wakainunua 1998. Kwa sababu ya watu kama yeye, wewe huna haja ya kuandika mwaka wala orodha ya waigizaji. Bando dogo linakuletea hayo yote. Usichoweza kukipata popote ni habari ya kwamba ulikuwa wapi, umekaa na nani, na ulifanya nini filamu ikiendelea.

Kwa hiyo kila filamu ipe mistari michache, isizidi nusu ukurasa. Hivi ndivyo ninavyofanya hata mimi ninapochagua filamu za maonyesho, na sijaona njia fupi zaidi.

Kabla hujabonyeza, andika nani kaichagua na wewe unatarajia nini. "Kaka wa flashi. Nadhani ni ya kuua muda." Mstari huo utauona wa kijinga mpaka uwe nayo ishirini. Hapo utaona zipi zilikwenda kinyume na ulivyodhani, na hizo ndizo zenye habari. Filamu uliyojua utaipenda, ukaipenda, haijakuambia jipya.

Ikiendelea, usiandike kitu. Nimeona watu wanatazama na kalamu mkononi, wanaikosa filamu na daftari nalo linajaa takataka. Angalia tu mwili wako unafanya nini, kwa sababu mwili haujui kujionyesha mbele za watu. Simu uliishika wakati gani? Ulirudisha nyuma wapi? Mdogo wako ulimwambia anyamaze saa ngapi? Ulipoinuka kwenda kuchukua maji, uliisimamisha au uliiacha iendelee? Hili la maji nalipenda kuliko yote. Mtu anaweza kunihutubia nusu saa kwamba filamu fulani ni bora, kumbe aliiacha inazungumza yenyewe sebuleni, yeye yuko jikoni anatafuta kijiko.

Ikiisha, kabla ya kufungua WhatsApp, andika picha moja au sauti moja, ile ya kwanza kukujia. Usitafute yenye maana zaidi. Kwa Parasite uliandika "ile nyumba", na huo ndio mstari bora katika yote uliyonitumia, ingawa nadhani uliuandika kwa kuchoka. Hukuandika habari za maskini na tajiri ambazo kila mtu anaziandika, wala tuzo nne za Oscar ilizobeba 2020. Umeandika nyumba. Nitairudia nyumba hiyo.

Kisha wiki moja baadaye, rudi uandike mstari wa mwisho: nini kimebaki? Huu ndio mstari ambao watu huuruka, nao ndio unaobadilisha daftari zima. Filamu ulizozipigia makofi usiku ule, nyingi zitakuwa zimebaki na kelele tu. Na zipo zitakazokugeuka. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ile iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, umeilalamikia kwamba inakwenda polepole, kisha ukaongeza "ila picha zake". Hiyo "ila" inanifanya niamini kwamba kama ningekuuliza baada ya wiki, ungeweza kunisimulia chumba, mwanga wa dirishani na rangi za Zanzibar ile ya miaka ya hamsini kuliko ambavyo ungenisimulia pigo lolote la The Raid. Sina hakika. Daftari lingekuwa na hakika, kama lingeulizwa.

Ziandike pia ulizoziacha. Andika jina, dakika uliyozima, na kilichokuwa kinatokea kwenye kioo. Katika orodha yako ya sitini na kitu hakuna hata moja uliyoishindwa, kwa hiyo nina picha ya nusu yako tu. Mtu aliyezima filamu tano, zote pale familia inapoanza kugombana mezani, amenieleza jambo ambalo filamu zake hamsini alizozimaliza hazikulisema.

Mazingira usiyaache, hasa sisi wa huku. Mtazamaji wa Afrika Mashariki ana jambo ambalo wahakiki wa Ulaya hawalifikirii: kuna mtu wa tatu kati yake na filamu. Hizo za mapigano za saluni umezitazama zimetafsiriwa, yaani kuna anayesimulia juu yake. Kwetu mtaani Lufufu alijulikana kuliko waongozaji wengi wa Hollywood; Kenya wana DJ Afro; Uganda wana akina VJ Jingo. Hawa hawageuzi maneno tu. Wanambatiza steringi jina jipya, wanamsema adui, wanakudokeza yanayokuja, wanatupia utani wa mtaani, na pale filamu inapolegea wanaibeba wao mabegani. Sasa The Raid umeipa nane na alama ya mshangao. Nane hiyo ni ya nani? Ya Gareth Evans aliyeiongoza, ya wale wapiganaji wa Indonesia, au ya msimulizi? Utajua ukiitazama tena siku moja bila sauti ya msimulizi, yenyewe na Kiindonesia chake. Ikikudodea, usione haya hata kidogo. Utakuwa umegundua kwamba unapenda kusimuliwa, na mapenzi hayo kwetu yana ukoo mrefu kuliko sinema yenyewe. Ila uyaandike kwa jina lake, usiyaandike kwa jina la mapigano.

Vivyo hivyo na watu uliokaa nao. Wazee wa Zanzibar na Dar bado wanaizungumzia Awara, filamu ya Raj Kapoor ya 1951 iliyojaza majumba ya sinema ya pwani katika miaka hiyo ya hamsini. Mwanahistoria Laura Fair amekusanya masimulizi mengi ya watazamaji wa zama zile, na ukiyasikia kwa makini, sehemu kubwa haihusu kilichokuwa kwenye pazia. Ni nguo za Jumapili jioni, ni tiketi za kulanguliwa mlangoni, ni nyimbo watu walizotoka nazo vichwani. Mzee anayesema Awara ni filamu bora kuliko zote hasemi uongo. Anauhesabu na ukumbi. Wewe nawe andika: saluni, watu sita, umeme ulikatika mara moja. Au: simu, hedifoni, kitandani. Baada ya muda unaweza kugundua kwamba vichekesho vyote ulivyovipenda ulivitazama saluni, na vile ulivyotazama peke yako hukucheka hata kimoja. Hapo si vichekesho unavyopenda.

Sizoni za Kikorea usiziandike kipande kwa kipande, utachoka. Andika ulipoanza kuruka mbele, ulipotazama vipande vitatu kwa usiku mmoja, na ulipoacha. Inatosha.

Sasa tusome hii mistari yako minane, maana nimekaa nayo na imenifurahisha.

Kosa la kawaida la msomaji wa daftari ni kupanga kwa aina: za mapigano, za kutisha, za mapenzi, za Kibongo. Ukizipanga zako hivyo unapata mchanganyiko usio na mguu wala kichwa, na ndiyo maana unamjibu kaka "zozote". Aina ni namna ya kupanga rafu za duka, zimewekwa kwa ajili ya muuzaji. Wewe tafuta kitu kinachovuka rafu.

Anza na hizi mbili: Train to Busan, nane, nililia. World War Z, saba, sawa tu. Zote mbili ni za zombi, zote mbili kuna baba anayehangaika kwa ajili ya familia yake, na kwa fedha hazilingani kabisa: ya pili ina Brad Pitt na imegharimu mno kuliko ya Wakorea. Alama zako zinasema zinatofautiana kwa moja tu, ila maneno yako yanasema moja imekuliza na nyingine imepita. Kuna nini katikati? World War Z inaruka kutoka Philadelphia hadi Korea, hadi Yerusalemu, hadi Wales. Kila mambo yakichacha kuna ndege. Train to Busan karibu yote imefungiwa ndani ya garimoshi, na anayetaka kufika behewa la mbele ni lazima apite katikati ya zombi. Hakuna pa kukimbilia. Halafu The Raid: kikosi cha polisi kimenaswa ndani ya jengo moja la ghorofa Jakarta. Halafu Parasite, "ile nyumba": ngazi, sebule yenye kioo kikubwa, na yaliyomo chini yake. Filamu tatu za rafu tatu tofauti, na zote ni za watu waliobanwa mahali pamoja hadi mahali penyewe panakuwa adui.

Huo ni uzi wa kwanza, na ningeweza kuishia hapo nikakuambia "ladha yako ni filamu za kufungiwa", ukafurahi. Usinikubalie haraka. Katika mistari hiyohiyo kuna uzi wa pili unaoshindana nao. Nairobi Half Life: Mwas anauza muvi kijijini na kuziigizia wateja, anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaangukia kwenye genge, akawa anaishi nusu jukwaani na nusu mtaani. Supa Modo: mtoto mgonjwa anayependa mashujaa wa filamu, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Na hapo, bila kuitwa, Parasite inarudi tena, kwa sababu familia ile maskini inafanya nini saa mbili nzima? Inaigiza. Kaka anajifanya mwalimu, dada anajifanya mtaalamu, baba dereva, mama mtunza nyumba. Kwa hiyo inawezekana kinachokuvuta ni watu wanaojivika uhusika, na lile jengo la Jakarta ulilipendea msimulizi tu.

Supa Modo umeipa tisa, alama kubwa kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo hukuiandikia hata neno moja. Hilo nimeliona pia. Watu hunyamaza penye jambo. Rudi ujaze mstari huo leo, hata kama ni miezi imepita, na uandike picha ya kwanza inayokujia bila kujiuliza kama inafaa.

Nyuzi mbili zikishindana, hujadili, unapima. Tafuta filamu yenye uzi mmoja na isiyo na mwingine. 12 Angry Men ya Sidney Lumet, ya 1957, haina rangi, haina ngumi, na ukiondoa dakika chache yote iko ndani ya chumba kimoja: raia kumi na wawili wanaamua kesi ya mauaji, na kuna joto, na feni mwanzoni haifanyi kazi. Kufungiwa tupu. Ikikushika, uzi wa kwanza umepata nguvu kweli, kwa sababu hakuna zombi wala mateke ya kuusaidia. Upande wa pili chukua Catch Me If You Can ya Steven Spielberg, ya 2002: kijana anajifanya rubani, anajifanya daktari, anajifanya mwanasheria, na anaruka huku na huko, hafungiki hata kidogo. Kuigiza tupu. Kisha ya tatu iwe Kati Kati ya Mbithi Masya, ya Kenya, 2016, kuhusu watu waliokwama kwenye loji porini ambayo hawawezi kuitoka, kwa sababu ambayo sitakuambia. Hiyo nimeiweka ili tuone kama kufungiwa kunakushika hata pale hatari ikiwa ya kimyakimya.

Kabla ya kila moja, andika unatabiri nini. Nikikosea, nami nitakuwa nimepata faida, maana utabiri uliovunjika unaonyesha njia kuliko uliotimia.

Uzi ukithibitika, ufuate kwa majina ya watu. Hapa ndipo wale akina Needham wanapokufaa. Bong Joon-ho aliyeongoza Parasite aliwahi kuongoza Snowpiercer, ya 2013, ambayo karibu yote iko ndani ya garimoshi linaloizunguka dunia iliyoganda. Mpiga picha wake katika zote mbili ni Hong Kyung-pyo. Wengi hufuata waigizaji, na sisi hapa tumezoea kuuliza "steringi nani?", lakini kwa mtu anayekumbuka nyumba na vyumba, jina la mpiga picha na la mwongozaji litakufikisha mbali kuliko la steringi. Na kaka wa flashi utampa kazi ya kweli. Mwambie: sitaki za zombi, sitaki za mapigano, nitafutie za watu waliofungiwa pamoja. Atakuna kichwa kwanza. Halafu ataanza kukuletea vitu ambavyo hajawahi kumwekea mtu.

Daftari lisome kila baada ya filamu ishirini au thelathini, kwa kalamu ya rangi nyingine. Pigia mstari maneno yanayojirudia, hasa majina ya vitu: nyumba, mlango, mvua, mama, barabara. Sifa kama "nzuri" na "kali" ziruke, hazina faida.

Weka pia alama ndogo pembeni kila ulipoona haya. Wapo wanaotazama Bongo muvi usiku kucha na asubuhi kazini wanadai hawazijui; wapo wanaoficha sizoni za Kikorea wasionekane watoto. Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, alionyesha katika utafiti aliouchapisha 1979 kwamba tunachodai kukipenda kinafuatana sana na elimu yetu na tabaka tulikotoka. Sikuambii hilo ili ukate tamaa. Nakuambia ili ukiona umeandika "nzuri sana, ina mafunzo" kwa filamu uliyoiacha iendelee ukiwa jikoni, ujue nani alikuwa anaandika.

Kwa sababu hiyohiyo, daftari liwe lako peke yako. Ukitaka programu, Letterboxd, iliyoanzia Auckland, New Zealand, mwaka 2011, ina shajara nzuri yenye tarehe, nyota kuanzia nusu hadi tano, na alama ya kuonyesha kwamba umerudia kuitazama. Shida ni macho ya watu. Ukijua kuna wa kukusoma, unaanza kuandika vichekesho vya mstari mmoja ili upate kupendwa, kisha unaanza kuhesabu, halafu Desemba unakimbiza filamu fupifupi ili namba ipendeze. Kaunta buku linatosha. Au hizohizo noti za simu yako, hazina ubaya wowote.

Na urudie filamu. Pauline Kael, mhakiki wa jarida la The New Yorker la Marekani aliyeogopwa kuliko wote zama zake, alikuwa akisema filamu huitazama mara moja tu. Mimi simfuati hapo. Namfuata Steven Soderbergh, mwongozaji wa Marekani, ambaye kila mwaka hutoa orodha ya alivyotazama na kuvisoma mwaka uliopita, siku kwa siku. Hakuna alama, hakuna maoni, lakini jina la filamu moja likijitokeza mara ya pili na ya tatu, huhitaji kuambiwa. Kwenye daftari lako kurudia kuandikwe upya kabisa, kama filamu mpya, bila kusoma kwanza ulichoandika mara ya kwanza. Ukimaliza ndipo ulinganishe. Chukua hata moja uliyoipenda ukiwa darasa la sita. Uliyempenda wakati ule huenda sasa anakukera, na mama yake, ambaye hukumwona kabisa, ndiye unayemfuata.

Anza na 12 Angry Men, maana ndiyo itakayokuchosha haraka kama nimebahatisha vibaya. Itazame peke yako, bila msimulizi, usiku ambao hujatoka zamu ndefu dukani. Ukisinzia, andika ilikuwa dakika ya ngapi na nani alikuwa anazungumza, kisha unitumie na ule mstari wa Supa Modo.